Matuta ya Uluguru

Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ndiyo chanzo cha mito mingi inayounda Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Wajerumani waliifanya misitu yake ya juu kuwa hifadhi mapema katika karne ya 20. Waingereza walitazama mashamba ya miteremkoni: udongo ulimomonyoka, mito ikajaa mchanga, na mafuriko yakatishia tambarare. Karibu na 1950 walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliomlazimisha kila mkulima kuchimba matuta ya ngazi.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye jembe lenyewe. Udongo wa Uluguru wenye rutuba ni tabaka jembamba. Kukata ngazi kulifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo mwekundu usiootesha kitu. Kazi ilikuwa ya sulubu, mavuno yakapungua, na aliyekaidi alitozwa faini. Wengi pia walihofu, si bila sababu, kwamba serikali ilitaka kuwanyang'anya ardhi ya ukoo. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa. Mpango ukafutwa, na chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikapata wafuasi milimani.

Baada ya uhuru shuruti ilihamia kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, ingawa mabondeni mboga bado hulimwa hadi ukingoni.