Minyoo bapa kwa samaki: analiwa au haliwi?

Mvuvi wa Mbita, Homa Bay, au wa Muhuru Bay kule Migori, akipasua ngege na kukuta vijifuko vya manjano kwenye minofu, swali huwa moja: analiwa huyu? Swali hilo linatuhusu hata sisi wa Pwani, kwani samaki wa Ziwa Victoria, hasa omena, hufika masoko ya Mombasa.

Ni nini?
Vijifuko hivyo aghalabu ni minyoo bapa wachanga wa jamii ya Clinostomum. Mnyoo mzima huishi mdomoni na kooni mwa ndege wala samaki, kama korongo. Mayai huangukia majini, yakaanguliwa, na vitoto vikaingia kwa konokono. Vikitoka humo hutoboa ngozi ya samaki. Ndege akimla samaki huyo, mzunguko huanza upya. Baharini pia wapo minyoo bapa wa mzunguko kama huo.

Dalili
Clinostomum huleta vinundu chini ya ngozi, kwenye minofu na matamvua. Jamii nyingine, Diplostomum, hukaa ndani ya jicho. Jicho likaingia ukungu na samaki akapofuka. Lakini mgongo uliopinda si lazima uwe wa minyoo. Samaki wa kufugwa akikosa vitamini C katika chakula hupinda vilevile.

Hatari kwa mlaji
Samaki aliyeiva vizuri hana madhara, kwa kuwa moto huua minyoo. Anayekula samaki mbichi ndiye wa kujihadhari: mara chache Clinostomum hunasa kooni mwa mtu na kuleta maumivu, kama ilivyowahi kuripotiwa Japani na Korea.

Tusichanganye hili na kichocho. Kichocho nacho huletwa na minyoo bapa wanaopitia kwa konokono, lakini hakipatikani kwa kula samaki. Minyoo wake hupenya ngozi ya mtu aliye majini: ziwani wapo wa kichocho cha tumbo, huku Kwale na Kilifi wa kichocho cha mkojo.

Kinga
Mfugaji wa bwawa akaushe bwawa baada ya kuvua, ang'oe magugu wanamokaa konokono na atandaze wavu juu kuzuia ndege. Mwenye vizimba ziwani naye aweke wavu. Wengi wakiugua, amwite afisa wa uvuvi wa kaunti. Hasara kubwa ya vinundu ni sokoni: mnunuzi akiviona, hanunui.