Shujaa ni Nani Katika Vita vya Leo?

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Enzi zao shujaa alimwona adui yake. Vita vya leo hupiganwa kwa mbali, na swali la nani shujaa limekuwa gumu.

Umbali huo hata hivyo haukuanza jana. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza ziliipiga kwa mizinga kasri ya Sultani, Unguja, ili kumng'oa Sayyid Khalid bin Barghash. Haikufika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, na mwaka 1927 akafariki hapa Mombasa. Ukimwita mwoga kwa kukimbia, aliyempiga kutoka baharini utamwita nani?

Katika vita vya Afghanistan, vilivyokwisha mwaka 2021, rubani wa droni aliketi Nevada, Marekani, akashambulia huko, na zamu ikiisha akarudi kwa wanawe. Wamarekani wenyewe walilumbana. Februari 2013 walitangaza nishani ya kuwatunza askari kama hao. Wanajeshi wastaafu wakaja juu kwamba imepewa cheo kuliko nishani za waliokuwa mstari wa mbele. Aprili waziri wa ulinzi, Chuck Hagel, akaifuta.

Naye mnyonge anayevizia huitwa mwoga na mwenye ndege. Sheria ya vita haifuati matusi hayo. Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inaruhusu hila, kama kujificha na kumpoteza adui kwa habari za uongo. Inachokataza ni khiana: kujifanya unasalimu amri, au kujifanya raia, ili uue. Inakataza pia kuwalenga raia, au kuwafanya ngao.

Basi kipimo si umbali, ni nani anayebeba hatari. Mwoga humtwika asiye na silaha, awe na droni au bomu la kutegwa.

Desemba 2015 Al-Shabaab walivamia basi karibu na Mandera, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hakuwa na silaha yoyote, na kilio kilikwenda kwake.