Kwa nini Windows haitaki folda iitwe CON?

Wenye Windows, fanyeni jaribio dogo. Undeni folda mpya, muiite CON. Imekataa? Jaribuni PRN, AUX au NUL. Hayo nayo hayapiti. Kuna wakati mchezo huu ulizunguka sana kwenye barua pepe, watu wakidhani ni mazingaombwe. Wandugu, hakuna mazingaombwe hapa. Ni historia.

Mfumo endeshi ni dalali kati ya programu na vifaa. Programu haiijui printa yako, inajua jina tu ililopewa na mfumo. Sasa majina hayo yakae wapi?

Mwaka 1969, pale Bell Labs nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza Unix. Jibu lao lilikuwa rahisi: kifaa kionekane kama faili. Diski, kibodi, printa, vyote vikawekwa kwenye folda moja, /dev. Faili la aina hiyo halibebi maandishi, linabeba namba mbili. Ya kwanza inataja programu inayoendesha aina hiyo ya kifaa, ya pili inataja kifaa chenyewe. Katika makala yao ya 1974 walieleza faida zake: programu ileile husoma faili au kifaa bila kubagua, na ruhusa zinazolinda mafaili yako hulinda vifaa pia.

MS-DOS ilitoka 1981 ikiwa haina folda kabisa. Vifaa vikapewa majina ya kudumu: CON ni kibodi na skrini, PRN ni printa, NUL ni shimo la kutupia taka. Folda zilipokuja na toleo la 2.0 mwaka 1983, programu za watu zilikuwa zimeshayazoea majina hayo. Ukiyahamisha, programu zinakwama. Basi yakaachwa yatambulike ndani ya kila folda, na Windows ikayarithi.

Hata herufi C ina kisa hichohicho. A na B zilikuwa za disketi. IBM PC XT ya 1983 ilipokuja na diski ngumu ya megabaiti 10, ikaangukia C. Disketi tumeshazizika, C bado ipo.

Linux, iliyofuata nyayo za Unix, iliweza kubadilika. /dev yake ilijaa majina ya vifaa ambavyo kompyuta haina. Kuanzia 2003 ikaja udev, inayounda jina pale tu kifaa kinapochomekwa. Waliweza kwa sababu majina yote yalikaa sehemu moja.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wenzangu wanaotengeneza mifumo ya malipo, ya shule, ya vitambulisho. Njia ya mkato unayoichukua leo kwa sababu "tutarekebisha baadaye" inaweza kuwasumbua watu miaka arobaini. Hiyo baadaye CON bado inaisubiri.

Mnasemaje?