Kutofungamana na Upande Wowote

Kutofungamana na upande wowote ni siasa ya nje ya nchi inayokataa kuingia katika kambi ya kijeshi ya taifa kubwa, ili ibaki na uhuru wa kulipima kila jambo la dunia peke yake. Vitu vilivyofungamana, kimoja kikivutwa, kingine hufuata. Istilahi hii inakanusha hali hiyo tu. Haikanushi urafiki, biashara wala misaada. Kwa hiyo ni kosa kuichanganya na msimamo wa Uswisi wa kujitenga na vita vya wengine. Tanzania haikufungamana, lakini ilivipa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika makao na kambi za mafunzo bila kuona haya.

Chimbuko lake ni mkutano wa Bandung wa 1955, uliokutanisha nchi 29 za Asia na Afrika. Umoja wenyewe wa nchi zisizofungamana ulizaliwa Belgrade, Septemba 1961, ukiwa na akina Tito, Nehru, Nasser, Nkrumah na Sukarno.

Gharama yake Tanzania iliionja mapema. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na Ujerumani Magharibi haikuvumilia nchi yoyote kufanya hivyo. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipokuja, serikali ilitafuta njia ya kati: Ujerumani Mashariki iwe na konseli kuu tu jijini Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Hata hilo halikukubalika. Februari 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akajibu kwa kuukataa hata uliobaki. Uamuzi huo uliumiza, lakini ndio uliolipa neno hili uzito. Siasa ambayo haijawahi kumgharimu mwenye nayo haijapimwa.

Reli ya TAZARA inaonyesha upande wa pili. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kuigharimia, China ikakubali, na kati ya 1970 na 1975 zikalazwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Hata hivyo Tanzania haikugeuka mfuasi wa China. Iliendelea kupokea misaada ya Sweden na mikopo ya Benki ya Dunia hiyohiyo.

Mgawanyo wa dunia katika kambi mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, umekwisha, na sasa wenye nguvu ni wengi. Nchi ndogo ina wengi wa kuzungumza nao, jambo jema, lakini pia ina wadai wengi. Leo kamba hufungwa zaidi kwa deni, bandari na mitambo ya mawasiliano kuliko kwa mkataba wa kijeshi, na mikataba ya aina hiyo huweza kutiwa saini bila bunge kuisoma. Hapo ndipo panapohitaji ulinzi mkali kuliko majukwaa ya mikutano.

Hata katika majukwaa hayo kila nchi hupima jambo peke yake. Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, Tanzania, Uganda na Burundi hazikuunga mkono wala kupinga; Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Zote tano ni wanachama wa umoja wa nchi zisizofungamana, na hakuna iliyovunja sharti lake.