Mabaki ya moduli zilizokompailiwa (Python)

Mabaki ya moduli zilizokompailiwa ni faili zinazosalia kwenye kompyuta baada ya toleo la lugha ya programu kupandishwa. Katika Python, majina ya faili hizo huishia na .pyc, ndani yake mna msimbo-baiti, yaani msimbo chanzo uliokwisha kutafsiriwa ili programu ianze haraka. Baiti za mwanzo za kila faili hutambulisha toleo lililoitengeneza. Zisipolingana, Python huikompaili moduli upya.

Zamani .pyc ilikaa kando ya chanzo chake, na matoleo mawili yaliyotumia folda moja yalifutiana kazi. Kibaya zaidi, katika Python 2 mtu alipofuta chanzo, .pyc iliyosalia iliendelea kupakiwa kimyakimya: moduli iliyokwisha kuzikwa, lakini ikiitwa inaitika. Pendekezo la PEP 3147, lake Barry Warsaw, liliingia katika toleo la 3.2 mwaka 2011. Lilihamishia faili hizo kwenye folda ya __pycache__ na kuzipa majina yenye alama ya toleo, kama cpython-32. Tangu hapo mabaki ya namna hiyo hula nafasi ya diski tu, na folda hiyo yaweza kufutwa bila hofu.

Moduli zilizoandikwa kwa lugha ya C, zinazoishia na .so au .pyd, ni kesi nyingine. Isipokuwa zilizojengwa kwa abi3, yaani kiolesura thabiti cha Python, hazivuki kutoka toleo la 3.11 kwenda 3.12. Kwa hiyo kunakili folda ya site-packages, panapokaa vifurushi vilivyosakinishwa, kwenda toleo jipya kwa mkono ni kujitafutia balaa. Tengeneza mazingira mapya kwa venv, kisha sakinisha vifurushi upya kwa pip.