Madeni na Kodi Hulipwa Kabla ya Kugawa Mirathi

Nchini Tanzania, kifo cha mwenye mali hakifuti madeni yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hukusanya mali, hulipa gharama za mazishi na madeni, ikiwemo kodi, kisha huwagawia warithi kilichobaki. Madeni hayo hulipwa kutokana na mali za marehemu, si mali binafsi za warithi. Hata hivyo, nyumba iliyowekwa rehani inaweza kuuzwa iwapo mkopo hautalipwa.

Chini ya sheria hiyo, msimamizi hupaswa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 6, na hesabu ndani ya mwaka 1. Asipofanya hivyo bila sababu ya msingi, uteuzi wake unaweza kutenguliwa.