Muguga Kabla ya Cambridge

Historia ya kingamwili zinazong'aa huanzia Boston na kuishia kwa panya. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake wa Harvard walizibandika kemikali yenye mng'ao ili zionekane kwa darubini pale zinaponata. Mwaka 1975 Köhler na Milstein, huko Cambridge, wakapata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu bila kikomo, na panya akawa kipimo cha karibu kila kitu. Hata seli zake ziitwazo wauaji asilia zikatambuliwa kwa NK1.1, alama iliyo kwenye kipokezi chao. Masimulizi haya yanairuka Muguga, kituo cha utafiti wa mifugo jirani na Nairobi, na kwa kuiruka yanapotosha maana ya chombo chenyewe.

Adui wa Muguga alikuwa ndigana kali. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe, kikaingia ndani ya chembe nyeupe za damu ya ng'ombe na kuzifanya zijigawe ovyo kama saratani. Ng'ombe aliyepona hana alama ya nje inayomtofautisha na ambaye hajawahi kuugua, kwa hiyo mganga wa mifugo alihitaji ushahidi wa damu. Mwaka 1972, huko Muguga, Burridge na Kimber walieleza kipimo: seli zilizoambukizwa na kukuzwa maabara zinapakwa kwenye kioo, zinamwagiwa seramu ya ng'ombe, kisha kingamwili ya pili yenye rangi, inayonasa kingamwili za ng'ombe. Pakiwaka, mnyama huyo alishakutana na kimelea.

Kuna atakayesema huku ni kuazima tu, kwani rangi na wazo vilitoka Marekani. Ni kweli, ila kilichoazimwa ni kanuni. Kingamwili haihami kirahisi kutoka mnyama hadi mnyama: ile maarufu ya NK1.1 inawaona wauaji asilia wa panya wa ukoo wa C57BL/6, lakini kwa wale wa BALB/c haioni kitu, nao ni panya vilevile! Basi ng'ombe angetegemeaje vitendanishi vya panya? Isitoshe, Theileria parva haimwambukizi panya wa kawaida. Kila kitu kilibidi kijengwe upya juu ya ng'ombe.

Panya hakufukuzwa, hata hivyo. Katika maabara ya ILRAD, iliyoanzishwa Kabete mwaka 1973, alitumika kama kiwanda: alichanjwa ili atoe kingamwili dhidi ya kimelea. Mwaka 1980 Pinder na Hewett walionyesha kwamba kingamwili hizo hutofautisha aina za Theileria parva. Jambo hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu ng'ombe aliyekingwa kwa aina moja aliweza kufa kwa nyingine, na ndiyo maana chanjo ya Muguga huchanganya aina tatu, Muguga, Kiambu na Serengeti. Kipimo cha 1972 kilitangulia ugunduzi wa Cambridge kwa miaka 3.